Mume Aliyesimama Kwenye Kichuguu

Naapa kwa meno yangu saba yaliyobaki, na kwa greda la serikali nililoliendesha miaka thelathini na moja bila kuua hata kuku, kwamba haya ninayoyaandika ni kweli tupu. Sikutia chumvi. Palipotaka chumvi nilijizuia. Hapa Ringwani mtu akisimulia jambo lenye mkia mrefu watu husema, "Ah, hiyo ni ya mzee Joram." Basi hii si ya mzee Joram. Hii ni ya Winfrida na mwalimu Nassib. Mimi nilikuwepo tu, kama mti unavyokuwepo.

Ilikuwa mwaka juzi, mwezi wa saba, majani yamekauka. Kulikuwa na nchi mbili zinazotaka kucheza kriketi. Ya kwanza ni nchi ya milima, na kwao hakuendeki. Vijana wake wamezoea kukaribisha wageni katika nchi za watu. Ya pili ni kisiwa cha mvua. Majina siyataji, niliahidi. Wakaanza kutafuta mahali ambapo hakuna mwenyeji. Wakapekua dunia nzima, wakaangukia kwetu, wilaya ya Serengeti, kwenye kiwanja cha zamani cha ndege ndogo ambacho nilikisawazisha mimi mwenyewe. Nilikisawazisha hivi kwamba ukimwaga maji katikati, yanasimama yakijiuliza yaende wapi.

Tukawaita Wamilima na Wamvua. Walikuja na mahema, wapishi wao, na mchezo unaochezwa siku tatu mfululizo na watu waliovaa nyeupe kuanzia shingoni hadi viatuni, kama malaika walioshushwa kituo kisicho chao. Mimi nilipewa kazi ndogondogo ambazo hazina haja ya kuandikwa.

Mchezo huo hauendi bila waandishi wawili wa alama. Wanakaa meza moja, kila mmoja na daftari lake, na kila mpira unaorushwa wanauandika wote wawili. Mwamuzi akiashiria kwa mikono, mwandishi naye anainua mkono kumjibu kwamba ameona. Mipira sita ikiisha, ambayo wanaiita ova, wanageukiana na kuulizana, "Sawa?" "Sawa." Madaftari yakipishana, hakuna amani. Na kwa kuwa mechi haikuwa na mwenyeji, waandishi nao walitakiwa wasiwe wa upande wowote.

Wa kwanza aliyepatikana ni Nassib, mwalimu wa hesabu, mtu wa Korogwe. Kijana mwembamba, mpole, mwenye miwani mizito. Kriketi aliijulia chuoni Dar es Salaam. Walipomwambia atafute mwenzake, hakufikiri hata dakika. Alimtaja Winfrida, anayemletea maziwa kila asubuhi.

Niseme ukweli wa maziwa hayo. Nassib hanywi maziwa. Yanamvuruga tumbo. Mwaka mzima alikuwa anayapokea mlangoni kwa mikono miwili, anashukuru, anamtazama Winfrida akishuka njia ya bondeni mpaka kilemba chake kinapotea, halafu anampa paka. Paka yule alinenepa mpaka akawa hashiki panya.

"Mimi kriketi siijui, Mwalimu," Winfrida alimwambia.

"Unajua kuhesabu."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona kwenye josho la ng'ombe. Ng'ombe zaidi ya hamsini wamepita mbio, vumbi limejaa, ukasema yule mwekundu mwenye pembe moja hayupo. Na kweli hakuwepo."

Winfrida akacheka, akafunika mdomo kwa kiganja. Kumbe mwanaume alikuwa anamtazama tangu huko joshoni.

Siku ya kwanza walikaa chini ya turubai, viwiko vikiwa karibu kugusana. Winfrida alishika mchezo kabla chai ya saa nne haijafika. Wamvua walikuwa wanapiga, Wamilima wanazuia. Upepo wa kiangazi ulikuwa unapita juu ya majani makavu kwa sauti ya mtu anayepekua karatasi. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua limeanza kulala upande, Winfrida alipouliza bila kuinua uso.

"Mwalimu, hawa wanaozuia mipira huwa wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Pamoja na yule anayerusha?"

"Pamoja naye."

"Na yule aliyechuchumaa nyuma ya vijiti?"

"Naye yumo. Kwa nini?"

"Kwa sababu wako kumi na wawili."

Nassib akainua kidole aanze kuhesabu. Winfrida akakishika kidole kile, akakishusha mezani, akasahau kukiachia.

"Usiwanyooshee. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa kidole. Wanakufa."

"Hawa si ng'ombe, Winfrida."

"Wana mama zao."

Nassib akahesabu kwa macho. "Kumi na mmoja."

"Umemruka mmoja. Kule mashariki, kwenye kichuguu."

Nassib akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Naona kitu cheupe. Mfuko wa saruji umenasa."

"Mfuko hauna mikono."

Mpira ukapigwa, ukavuka kamba ya mpaka. Mwamuzi akaashiria mikimbio minne. Winfrida akainua mkono kumjibu, macho bado mashariki. Waliokuwa uwanjani walikuwa wanakimbia huku na huku, wanapiga makofi, wanaitana kwa lugha zao. Yule wa kichuguu hakupiga makofi. Hakusogea. Alikuwa ameelekea mezani kwao, ametulia, mweupe, na kivuli chake kimelala nyuma yake juu ya majani.

"Unamjua?" Nassib aliuliza kwa sauti ya chini.

"Namjua. Sijawahi kumwona, lakini namjua."

"Ni nani?"

"Ni mume wangu."

Hapa nisimame kidogo, maana msomaji wa mbali atasema mzee ameanza. Winfrida alikuwa mke wa mtu, hilo kila mmoja analijua. Mumewe anaitwa Waitara. Na Waitara hayupo. Sisemi alisafiri. Sisemi alikufa. Waitara hakuzaliwa.

Kwetu Wakurya mwanamke akifika uzee bila mtoto wa kiume, anaweza kutoa ng'ombe akaoa binti, nyumba isife. Tunaita nyumba ntobhu. Bibi Robi hakuwahi kupata mtoto, wa kiume wala wa kike. Alimngoja miaka yote, jina alikuwa nalo tayari, mwenye jina ndiye hakuja. Miaka sita nyuma alipeleka ng'ombe Nyarero, kwa wazazi wa Winfrida, akamchukua awe mkamwana wake, mke wa Waitara. Watoto watakaozaliwa wangeitwa wa Waitara. Mama mkwe alimtafutia mwanaume wa kumzalisha, Winfrida akamkataa. Akatafutiwa mwingine, akamkataa. Robi akanyamaza, wakabaki wawili katika boma.

Wawili, lakini Winfrida mwenyewe alikuwa anasema watatu. Kila jioni ugali ukiiva, bakuli la kwanza lilikuwa la Waitara. Kigoda chake kilipanguswa vumbi, mkuki wake ulipakwa mafuta. Winfrida akipita karibu na kigoda kile alikuwa anapunguza hatua, kama unavyopita karibu na mtu aliyesinzia. Alinieleza baadaye kwamba mwaka wa kwanza aliogopa, mwaka wa pili akazoea, na mwaka wa tatu akajikuta anamwaga chai iliyobaki mbali na kigoda, asimlowanishe miguu.

Siku ya pili Nassib alikuja hajalala. Macho mekundu nyuma ya vioo.

"Juzi nilikuuliza kitu, hukunijibu," alianza kabla hata kofia za wachezaji hazijaingia uwanjani.

"Ulichoniuliza hakijibiki."

"Nilikuuliza kama utakuja na mimi Korogwe. Uhamisho wangu ni Jumatatu, Winfrida. Leo Ijumaa."

"Najua leo ni siku gani."

Mpira ukarushwa. Wakaandika. Mwingine. Wakaandika.

"Nikisema nakupenda, unaniangalia. Nikisema tuondoke, unaangalia chini. Nini kipo huko chini?"

"Sikiliza, Mwalimu. Kwetu mke akitaka kuondoka, mume ndiye anasema. Akisema nakuachia, mbele ya watu, mke anakwenda na hakuna atakayemfuata. Asiposema, hata nikienda mwisho wa dunia mimi ni wake. Nitakaowazaa huko ni wake. Mtoto wako angeitwa mtoto wa Waitara. Utaweza?"

Nassib akakaza taya. "Basi Bibi Robi aseme."

"Nilimwomba mwaka jana, siku ile uliyoniletea kalenda. Nilipiga magoti. Akaniambia, 'Ng'ombe ni wangu, mke si wangu. Muulize mwenyewe.'"

"Mwenyewe yuko wapi?"

Winfrida aligeuza shingo. Alitazama mashariki. Na yule mtu alikuwa amefika. Hakuna aliyemwona akija. Dakika moja kichuguu kilikuwa kitupu, dakika ya pili kina mtu, na upepo ulikuwa unapeperusha suruali yake nyeupe pembeni kama hakuna miguu ndani.

"Mtu ambaye hayupo hawezi kukataa," alisema Nassib.

"Wala kukubali."

"Winfrida, nitazame mimi."

"Miaka sita hakuja. Nilikuwa nampikia, hakuja. Nilikuwa nalia, hakuja. Umekuja wewe na daftari lako, ndiyo na yeye kaja. Unadhani anatazama mpira?"

"Kwa hiyo unamwogopa kuliko unavyonipenda."

"Kwani wewe ungekuwa na mke, unamwona ameketi kiwiko kwa kiwiko na mwanaume, ungekaa kimya?"

"Ninamwonea wivu, kama unataka kujua," Nassib alisema, na sauti yake ikakatika. "Ninamwonea wivu mtu asiye na sura. Angekuwepo ningepigana naye. Ningepigwa, najua, Mkurya yeyote atanipiga, lakini ningepigwa nikaisha. Huyu nimkamate wapi?"

Winfrida machozi yakamtoka, yakadondokea ukurasani. Ova ikaisha.

"Sawa?" Nassib aliuliza, maana kazi ni kazi.

"Mia moja na arobaini na mbili."

"Mimi nina arobaini na moja."

Wakatazamana. Mkimbio mmoja ulikuwa umezidi kwenye daftari la Winfrida. Wakarudi nyuma mpira kwa mpira, vichwa vimeinamiana mpaka Nassib akasikia harufu ya moshi wa kuni na mafuta ya nazi kwenye kilemba chake. Wakaupata. Ulikuwa mpira ambao hakuna aliyekimbia. Winfrida aliandika moja akiwa anatazama kichuguu.

"Umemwandikia yeye," Nassib alisema polepole.

Winfrida akaufuta kwa ufutio, akafuta mpaka karatasi ikatoka manyoya.

Nassib akasimama. "Nakwenda kule."

"Ukitoka mezani mchezo utasimama. Kaa."

"Usimame."

"Nassib!" Ndiyo mara ya kwanza kumwita kwa jina. "Kaa. Tafadhali."

Alikaa. Aliponyanyua macho tena, kichuguuni hapakuwa na mtu. Majani tu.

Jioni ile Winfrida alipakua ugali, akajaza bakuli la kwanza, akaliweka mbele ya kigoda. Akauliza kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Mama, Waitara angekuwa mrefu?"

Robi alikuwa anakata tonge. Mkono ukabaki hewani.

"Umemwona," alisema. Hakuwa anauliza.

Siku ya tatu bibi yule, ambaye hata kanisani aliacha kwenda kwa sababu ya miguu, alitembea kutoka bomani hadi uwanjani. Alivaa gauni la kitambaa kizito la rangi ya udongo, kitenge kipya mabegani, fimbo mkononi. Umri wake ni themanini na miwili, na macho yana ukungu. Mtu anamwona kama doa. Wamvua wakamletea kiti. Nassib akainuka, akainama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ni mimi."

"Sauti yako nzuri," alisema Robi, na haikuwa sifa. Akakaa upande wa Winfrida. "Yuko wapi?"

Winfrida hakunyoosha kidole. Alimshika mama mkwe kidevu kwa upole, akakigeuza mashariki.

Ilikuwa saa kumi. Jua lilikuwa limekipiga kichuguu upande mmoja kikawa chekundu kama kaa la moto, na juu yake amesimama yule mtu mweupe. Robi alitazama. Mpira ukarushwa, na mwingine, na mwingine. Nassib aliandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto akaukunja ngumi chini ya meza.

"Amekuwa mrefu," Robi alisema mwishowe. "Baba yake alikuwa mfupi."

Kisha akaanza kumwita. Hakupaza sauti. Alimwita kwa Kikurya, kwa sauti ile ambayo mama humwita mtoto anayecheza karibu na mlango, na machozi yalikuwa yanashuka katika mikunjo ya uso wake bila kuharakisha. Alikuwa anacheka na kulia pamoja. Hata mpishi wa Wamilima, asiyejua neno, aliweka sufuria chini.

Akamshika Winfrida mkono. "Sasa, mkamwana, huwezi kwenda. Nilikuwa nasema moyoni, labda nimwache tu aende na mwalimu wake, nyumba yangu ife na mimi. Lakini mwanaume ametoka kote alikotoka kuja kumtazama mkewe. Utamwacha amesimama pale?"

Winfrida akamtazama Nassib. Nassib akamtazama Winfrida. Nimeona watu wengi wakiagana katika maisha yangu, stendi ya Tarime, hospitalini, makaburini Kerende. Sijaona macho kama yale.

Alifunga daftari. Akaweka kalamu juu yake, akaifanya ikae sawa.

"Mwalimu, niandikie."

"Unakwenda wapi?"

"Kwa mume wangu. Nikamwombe ruhusa."

Akavuka kamba. Alikuwa amevaa kandambili na kitenge cha kijani, na alikata katikati ya mechi ya kimataifa kama mtu anayekata shamba lake. Mrushaji aliyekuwa ameshaanza mbio akasimama. Mwamuzi akainua mikono yote miwili. Wamilima wakavua kofia mmoja baada ya mwingine alipowapita, wakidhani kuna msiba, na hawakukosea sana. Hakutazama kushoto wala kulia. Midomo yake ilikuwa imekauka, hilo nililiona wazi, lakini hatua hazikupungua, na kadiri alivyokaribia ndivyo nilivyozidi kutafuta pa kujificha, na magoti ya dereva wa greda hayakimbii.

Ndiyo. Nimesema nilivyozidi kutafuta. Kalamu imeshateleza, siwezi kuirudisha.

Zile kazi ndogondogo nilizosema hazina haja ya kuandikwa, moja ilikuwa kukaa mashariki na kurudisha mipira inayovuka kamba. Nahodha wa Wamvua alinionea huruma na koti langu lenye matobo, akanipa suti yake moja nyeupe. Siku ya kwanza nilisimama kichuguuni kwa sababu ndipo panapopita upepo. Sikuwa na nia. Lakini wakati wa chai ya alasiri nilipita nyuma ya turubai, nikasikia Winfrida akimrudia Nassib neno lile, "Ni mume wangu." Msomaji, mimi ni mtu wa hadithi. Maisha yangu yote nimezitafuta, nyingine nimezitengeneza mwenyewe kwa mikono, na siku ile moja ikaja na kunivaa. Nilishindwa kuivua. Siku ya pili nilikuja kwa kutambaa. Nilijifunza kusimama bila kupepesa. Siku ya tatu nilijipaka majivu usoni.

Alifika. Akasimama chini ya kichuguu, mimi juu. Alinitazama viatu, suruali, majivu, mpaka macho. Nikaona kitu kinazimika usoni pake na kingine kinawaka.

"Shikamoo, baba," alisema.

"Marahaba, binti yangu."

"Nimekuja kuonana na mume wangu. Nakukuta wewe."

"Mimi narudisha mipira."

"Na jana, ulipotokea ghafla?"

Nikainama kukung'uta suruali, mimi Joram.

"Ulitaka nini, baba? Nikuombe msamaha kwa kumpenda mtu?"

"Nilitaka kuona itaishia wapi."

"Nini?"

"Hadithi."

Nilidhani atanipiga, na ningemshukuru. Aligeuka kutazama turubai, kule mbali ambako kidoa cha rangi ya udongo kilikuwa kimesimama kwa fimbo.

"Unamwona mama? Analia. Tangu niolewe pale sijawahi kumwona amefurahi, na leo amefurahi. Unajua nitamwambia nini?"

"Hapana."

"Sitamwambia. Utamwambia wewe. Shuka."

Nikashuka. Nimepita barabara mbaya zote za mkoa wa Mara, lakini safari ndefu kuliko zote ni ile ya kutoka kwenye kamba ya mashariki hadi kwenye meza ya waandishi, nimevaa nguo za mzungu, majivu yananidondoka kwa jasho, na wachezaji ishirini na wawili wa nchi mbili wananitazama. Winfrida alitembea mbele. Nassib alikuwa amesimama. Alipotambua uso wangu alivua miwani, akaiweka mezani, na kama si bibi kuwepo nadhani ningepata changu pale pale.

Nilipiga magoti mbele ya Robi. Hakuuliza. Alinyoosha mkono, akanigusa kipaji cha uso, akashuka puani, akafika kwenye kovu la kidevu nililolipata kwa cheni ya greda. Vidole vikakaa hapo.

"Joram wa greda," alisema.

"Ni mimi, mama."

"Siku zote tatu?"

"Zote tatu."

Aliuondoa mkono. Uso wake ulirudi ulivyokuwa miaka yote, na mimi nilitazama ukirudi, mkunjo kwa mkunjo. Watu waliokuwa wameanza kunicheka waliacha.

"Nipige faini, mama," nilisema. "Nina mtamba mweupe, bado hajazaa. Kesho atakuwa bomani kwako."

"Utamleta. Lakini hiyo si faini." Akaegemea fimbo. "Wewe una miaka mingapi?"

"Sitini na minne."

"Mwaka uliozaliwa wewe ndio niliomngoja Waitara mara ya kwanza. Angekuja, angekuwa mzee kama wewe, na meno yamemtoka. Nimeacha mahali pake wazi miaka yote hiyo. Hakuna aliyethubutu kupakaribia. Wewe ukaja ukasimama, mimi nikakuita mwanangu mbele ya watu, hukukataa. Nani alikupa ruhusa ya kutoka?"

"Mama, mimi nilikuwa natania."

"Mimi sikuwa natania."

Nilimtazama Nassib anisaidie, mtu wa hesabu. Akatazama pembeni. Nilimtazama Winfrida. Yeye alikuwa ameshaelewa kabla yangu, maana alikuwa ameshika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili.

"Mkeo huyo hapo," alisema Robi, na sauti yake ikapungua mpaka ikawa karibu na kunong'ona. "Ana neno anataka kukuuliza. Ameliuliza mwaka mzima, hakuna wa kumjibu. Mjibu."

Winfrida akapiga magoti mbele yangu. Mimi nimepiga magoti, yeye amepiga magoti, tukawa sawa.

"Waitara," alisema, na hakucheka, na mimi sikucheka. "Naomba uniachie niende."

Maisha yangu yote nimesema maneno mengi yasiyo na uzito. Haya yalikuwa mawili tu. Nilifikiria bakuli, na kigoda, na yule bibi atakayebaki peke yake bomani. Nikajua nani atakamua ng'ombe, nani ataziba uzio, nani atamchimbia kaburi siku yake ikifika, kazi zote za mtoto wa kiume. Nikajua bei nzima ninayolipa. Nikalipa.

"Nakuachia, Winfrida," nilisema kwa sauti ya kusikika. "Nenda. Na utakaowazaa ni wa baba yao."

"Mwanangu amesema," alisema Robi kwa watu wote. "Mmesikia."

Winfrida alimkumbatia yule bibi miguu, akakaa hapo muda mrefu, na Robi akamshika kilemba kwa viganja vyote viwili kama mtu anayepima chungu kabla ya kukiuza. Hakusema maneno ya kuaga. Alisema tu, "Korogwe kuna baridi?"

"Kuna joto, mama," alijibu Nassib, na sasa yeye ndiye alikuwa analia.

Mwamuzi akaja kuuliza kwa adabu kama tumemaliza. Zilikuwa zimebaki ova nne. Winfrida akajifuta uso, akafungua daftari, akakaa mahali pake. Mchezo ukarudi, mipira ikarushwa, mikono ikainuliwa. Hakuna aliyeshinda, michezo ile ya siku tatu huisha hivyo mara nyingi. Nilipoondoka niliwasikia nyuma yangu.

"Sawa?"

"Sawa."

Mimi sikungoja mwisho. Robi alikuwa ameshaanza kushika njia, amenishika mkono juu ya kiwiko. Vijana wa Ringwani walikuwa kando ya barabara, na walikuwa wanapiga miluzi na kuniita kijana kwa Kikurya, "Mura! Mtoto wa mama!" Nilikuwa na jibu zuri la kuwapa, ningewanyamazisha wote.

"Waitara," alisema yule bibi, "tembea polepole."

Nikapunguza mwendo.